Mtambo wa kuchoma taka unaopendeza: tuige Vienna, Copenhagen, Paris au Hiroshima?

Kuna picha ambayo haikosi kuzunguka kila madiwani wanaporudi kutoka ziara ya mafunzo Ulaya. Watu wanateleza kwa skii juu ya paa la kijani, nyuma yao limesimama bomba la moshi. Chini ya picha mtu ameandika: "Wenzetu wanachoma taka humo humo ndani. Sisi tunashindwa nini?"

Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba muulizaji ameona paa tu. Chini ya lile paa kuna mambo matatu yasiyoonekana pichani: ni taka za aina gani zinazoingia, joto lake anauziwa nani, na deni la ujenzi analipa nani. Yakibadilika hayo, mtambo ule ule ulio fahari ya mji mmoja unaweza kugeuka gofu katika mji mwingine.

Nimechagua mitambo minne inayotajwa sana na wasanifu, na mingine michache nitaigusa njiani. Yote ilikabiliwa na swali moja: nani atakubali kuishi jirani na jiko linalochoma uchafu wa mji mzima? Vienna waliuvisha mtambo wao. Copenhagen waliugeuza mlima wa kupanda. Paris waliuzika. Hiroshima waliufungua milango watu waingie.

Usafi kabla ya sura

Hakuna rangi ya ukutani inayochuja diokisini, zile sumu kali zinazojiunda taka zinapochomwa, kwa hiyo tuanze na kinachotoka bombani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai gesi za moto zikae kwenye nyuzijoto zisizopungua 850 kwa angalau sekunde 2, ili sumu zivunjike. Baadaye gesi hizo hupozwa, hupuliziwa chokaa ya kuua asidi, unga wa makaa wa kunasa zebaki pamoja na diokisini zilizojiunda tena wakati wa kupoa, na amonia ya kuvunja oksidi za naitrojeni. Vumbi hukamatwa na mifuko mirefu ya kitambaa. Diokisini inayoruhusiwa kutoka ni nanogramu 0.1 tu katika kila mita ya ujazo ya gesi.

Mashine hizi za kusafisha moshi hula nafasi kubwa, mara nyingi kuliko tanuri lenyewe. Ndiyo sababu mtambo wa kisasa huwa jengo kubwa ajabu lisilo na madirisha, na msanifu huitwa kulitafutia sura. Lile tanuri la matofali nyuma ya hospitali, lenye kibomba kifupi kinachofuka moshi mweusi juu ya nyumba za jirani, halina hata kimoja kati ya vifaa hivyo. Tusiviite vitu viwili hivi kwa jina moja tunapobishana.

Na majivu yapo. Zikiingia tani nne za taka, karibu tani moja hutoka ikiwa majivu. Yale mazito ya chini ya tanuri, yakishatolewa vyuma, hutumika kwenye misingi ya barabara katika baadhi ya nchi. Vumbi la kwenye vichujio ni sumu, nalo lazima lizikwe mahali maalumu. Anayekuambia kwamba baada ya mtambo hakutakuwa na dampo, muulize hilo vumbi atalipeleka wapi.

Vienna: vazi juu ya mwili uliokuwepo

Mtambo wa Spittelau ulijengwa kati ya 1969 na 1971, na haukuwekwa nje ya mji. Uliwekwa ndani kabisa, kwa kuwa mteja wake mkubwa wa joto alikuwa jirani: hospitali kuu mpya ya jiji. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Mei 1987 mtambo ukashika moto na kuharibika vibaya. Jiji likaamua kuujenga upya palepale, na meya Helmut Zilk akamwendea msanii Friedensreich Hundertwasser. Huyu alikuwa mtu aliyechukia mistari iliyonyooka na kudai miti ipewe haki ya upangaji kwenye majengo. Akakataa. Aliyemlainisha ni rafiki yake mwanamazingira, Bernd Lötsch, na hata hapo alikubali baada ya kuhakikishiwa mambo mawili: mtambo utafungwa vifaa bora vya kusafisha moshi vilivyokuwepo wakati ule, na jiji litaendelea kujitahidi kupunguza taka zenyewe.

Kazi ilikamilika 1992. Kuta zina madoa ya rangi kama shuka la viraka, madirisha hayafanani, kuna miti juu ya paa, na bomba la mita 126 limevaa tufe la dhahabu. Mtambo huchoma takriban tani 250,000 kwa mwaka na kupasha joto nyumba zaidi ya 60,000. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kiko pembeni yake, na watalii hushuka hapo kupiga picha jengo la takataka.

Wengi wakiitazama Spittelau huona rangi. Mimi naona mazungumzo ya biashara: jiji lilitaka jina la msanii, msanii akadai lilipwe kwa vichujio. Rangi ilikuja juu ya mtambo ambao tayari ulikuwa na mteja, mabomba ya joto na wafanyakazi wanaoujua.

Linganisha na Osaka. Jiji hilo lilimwita Hundertwasser huyo huyo asanifu mtambo mpya kwenye kisiwa cha Maishima, kisiwa cha kutengenezwa katika ghuba. Ulikamilika 2001, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ukiwa na uwezo wa tani 900 kwa siku, kwa gharama ya takriban yeni bilioni 60. Uko karibu na bustani ya burudani ya Universal Studios, na kuna wageni wanaoutazama kwa mbali wakadhani ni sehemu ya michezo. Ni jengo la kuvutia kweli. Lakini Vienna lile vazi lilituliza majirani wanaouona mtambo kutoka madirishani mwao, na Osaka lilivishwa mtambo ulioko kisiwani. Walipakodi waliouliza fedha zao zimekwenda wapi hawakukosea kuuliza.

Copenhagen: mlima, na njaa yake

Amager Bakke ndio ule wa kwenye picha. Ulichukua nafasi ya mtambo wa 1970 uliochakaa, na unamilikiwa na manispaa tano. Ofisi ya usanifu ya BIG, ya Bjarke Ingels, ilishinda shindano kwa wazo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikumjia mtu zamani: kwa kuwa mashine zina vimo tofauti, zipange kuanzia fupi hadi ndefu, paa litakuwa mteremko lenyewe. Denmark nchi nzima ni tambarare. Ukiwapa mlima, wataupanda.

Taka zilianza kuchomwa 2017 na mteremko wa skii ukafunguliwa 2019. Kuna njia ya kutembea hadi kileleni, ukuta wa kukwea wenye kimo cha mita 85 hivi, vichaka na nyasi. Mwaka 2021 ulitangazwa Jengo la Mwaka katika Tamasha la Usanifu Duniani. Mpango wa awali ulitaka hata bomba lipulize pete kubwa ya mvuke kila kiasi fulani cha hewa ya ukaa kinapotoka, ili wakazi wahesabu kwa macho. Bomba linalofanya kazi leo halipulizi pete. Nasikitika, maana kati ya mapambo yote yaliyopendekezwa, hilo peke yake ndilo lililosema kweli kuhusu kinachoendelea ndani.

Sasa upande wa pili. Mtambo uligharimu takriban kroni bilioni 4 za Denmark, ukajengwa na matanuri mawili yanayoweza kumeza zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Taka za wenyeji hazikutosha kuushibisha. Tanuri la namna hii halipendi kuzimwa na kuwashwa ovyo, na deni la benki halisubiri taka ziongezeke, basi ikabidi taka ziletwe kutoka nje, zikiwemo za Uingereza. Mwaka 2020 wanasiasa wa Denmark wakakubaliana kupunguza uwezo wa uchomaji nchini kwa asilimia 30 ifikapo 2030, kwa sababu plastiki inayochomwa ni mafuta ya petroli kwa jina jingine. Mji mkuu uliokuwa umejiwekea lengo la kufuta mchango wake wa hewa ya ukaa ifikapo 2025 ulikubali mwaka 2022 kwamba hautalifikia, na mtambo huu ulikuwa sehemu ya hesabu iliyogoma: mradi wa kunasa hewa ya ukaa kwenye bomba lake ulikosa fedha kwa wakati.

Kwa hiyo ukiulizwa kama Amager Bakke ni mzuri, jibu linategemea unaangalia nini. Kwa usafi wa moshi ni wa daraja la juu. Kwa ukarimu wa paa lake, sijui jengo la viwanda linaloushinda. Kwa ukubwa, waliukosea, na ukubwa haurekebishwi kwa nyasi.

Wadenmark wenyewe wana mfano mdogo zaidi huko Roskilde, wa mwaka 2014, ambapo Erick van Egeraat aliufunika mtambo kwa mabati ya alumini yenye matundu na mnara wa mita 97. Usiku taa za ndani huufanya uonekane kama kaa linalowaka. Hapo hakuna anayepanda wala kuingia, wanautazama tu.

Paris: kuzika

Isséane, huko Issy-les-Moulineaux kando ya mto Seine, ulianza kazi mwishoni mwa 2007. Theluthi mbili za mtambo ziko chini ya ardhi, kina cha mita 31. Kinachoonekana juu ni jengo la mita 21 hivi, na mabomba yake yamechomoza mita 5 tu juu ya paa. Huchoma hadi tani 460,000 kwa mwaka, na mpita njia anaweza kudhani ni ofisi. Ni ufundi mkubwa wenye gharama kubwa, unaoeleweka mahali ambapo ardhi ni ghali na majirani ni wengi. Kwa mji uliojengwa juu ya mchanga wenye maji ya chumvi mita chache chini, kama miji yetu mingi ya pwani, kuchimba shimo hilo ni kuanza vita na maji isiyoisha. Na siri ina kasoro yake: mtambo usioonekana hauulizwi maswali.

Hiroshima: kufungua

Huu ndio unaonivutia kuliko yote, ingawa hausambai sana mitandaoni. Mtambo wa Naka ulikamilika 2004, umesanifiwa na Yoshio Taniguchi, yule yule aliyepanua jumba la makumbusho la MoMA la New York lililofunguliwa upya mwaka huo huo. Uko mwisho wa barabara ndefu inayoshuka kutoka upande wa Bustani ya Kumbukumbu ya Amani kwenda baharini. Kwa kawaida mtambo ungeiziba barabara hiyo kama ukuta. Taniguchi aliupasua katikati, akapitisha njia ya kioo inayoendeleza barabara hadi ukingoni mwa maji.

Unaingia bila kulipa. Kushoto na kulia, nyuma ya vioo, zimesimama mashine za kusafisha moshi, zimeng'aa kama sanamu, na miti imepandwa katikati yake. Unatembea, unatazama, unatokea upande wa pili ukiwa umeikabili bahari. Nje hakuna rangi wala mapambo, ni sanduku la kijivu.

Tofauti yake na Copenhagen ni hii: juu ya mlima watu wanakuja kwa skii, na taka wanazisahau. Hiroshima watu wanapelekwa hadi mahali penye vichujio. Mashine ikikaa bila kufanyiwa matengenezo, ikiota kutu, kila mtoto wa shule aliyekuja ziara ataiona. Na kwa gharama, kinachoongezeka ni vioo, njia na usafi wa sakafu. Mlima mzima hauhitajiki.

Ukiiweka bega kwa bega

Kwa mji wenye mtambo wa zamani usiopendeza lakini unaofanya kazi vizuri, njia ya Vienna ndiyo ya akili, mradi vichujio vitangulie rangi. Kwa mji tajiri usio na nafasi za michezo, ambao una uhakika wa taka kwa miaka 30 ijayo, paa la Copenhagen linafaa, ila kata ukubwa. Isséane ni wa pale ambapo kiwanja kimoja ni bei ya mtaa. Naka unafaa karibu popote, na hasa pale ambapo watu hawawaamini wenye mamlaka.

Kuhusu joto, tofauti ni kubwa kuliko sura zote. Vienna na Copenhagen mtambo huuza maji ya moto kupitia mabomba hadi majumbani. Karibu nishati yote ya taka hupata mnunuzi wakati wa baridi. Mtambo unaotoa umeme peke yake huambulia robo ya nishati hiyo, au chini yake. Dar es Salaam hakuna atakayenunua joto la kupasha sebule. Lakini hata Vienna kuna somo ambalo halipigwi picha: tangu 2009 hapo Spittelau kuna kituo cha kutengeneza baridi, kwa sehemu kikitumia joto lile lile, na baridi hiyo husambazwa kwa mabomba. Hospitali kubwa, maghala ya samaki, viwanda vinavyohitaji mvuke: hao ndio wateja wa kutafutwa huku kwetu kabla ya mtu kuchora paa.

Taka mbichi

Afrika Mashariki inalijua dampo kwa machungu. Dandora, Nairobi, lilifunguliwa 1975 na kutangazwa kujaa 2001, na malori bado yanaingia. Kiteezi, Kampala, liliporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Addis Ababa, dampo la Koshe liliporomoka Machi 2017 na kuua zaidi ya 110. Anayesema mitambo ya kuchoma ni anasa asisahau kwamba dampo nalo huchoma, bila kichujio, usiku na mchana.

Koshe ndipo Ethiopia ilipojenga Reppie, mtambo mkubwa wa kwanza wa aina yake katika bara hili kusini mwa Sahara. Ulizinduliwa Agosti 2018, kwa takriban dola milioni 120, ukikusudiwa kupokea tani 1,400 kwa siku. Ni sehemu ndogo tu ya bei ya Amager Bakke. Sura yake ni ya kiwanda cha kawaida, na sioni aibu katika hilo. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni kinachoingizwa tanurini.

Mwongozo wa Benki ya Dunia wa uchomaji taka unataka taka ziwe na wastani wa megajuli 7 (kipimo cha nishati ya joto zinayotoa zikichomwa) kwa kilo, na zisishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Taka za Ulaya huvuka hapo bila shida, zimejaa karatasi na vifungashio. Zetu ni maganda ya ndizi, makumbi ya nazi, mabaki ya ugali, mboga zilizooza sokoni, na mchanga uliofagiliwa uani. Kuni mbichi kila mtu anajua zinavyofuka. Tena plastiki, ambayo ndiyo ingesaidia moto, chupa zake zimeshaokotwa na vijana kabla lori halijafika, na mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Ukitaka moto uwake lazima umwagie dizeli, au uwanyang'anye waokota chupa riziki yao. Njia zote mbili ni mbaya.

Basi kwa jiji la pwani yetu mpangilio wangu ungekuwa hivi. Taka za masoko zitenganishwe palepale sokoni na ziende kwenye mboji au gesi. Hizo ni nusu ya mzigo au zaidi, na ndizo zenye maji. Kinachobaki ndicho kijengewe tanuri, na liwe dogo kuliko muuzaji anavyopendekeza, lenye nafasi ya kuongeza la pili baadaye likihitajika. Mwongozo ule ule unataka angalau tani 50,000 kwa mwaka ili mradi ujiendeshe, kwa hiyo "dogo" lina sakafu yake. Liwekwe jirani na mteja wa mvuke au baridi. Sura yake ningeichukua Hiroshima: ukuta wa zege usio na makuu, njia ya wazi katikati yenye kivuli na upepo badala ya kioo kinachochemka juani, na ubao mkubwa langoni unaoonyesha vipimo vya moshi vya saa hiyo hiyo. Sharti la Hundertwasser ningeliandika kwenye mkataba: rangi isilipwe mpaka vichujio vifanye kazi mwaka mzima.

Kazi ya kwanza haihitaji msanifu hata kidogo. Chukueni sampuli kwenye malori ya mitaa tofauti, zipimwe uzito, zikaushwe, zipimwe tena, kisha maabara itoe megajuli. Na mpime wakati wa masika, lori likiwa limetoka Kariakoo na mvua imelinyeshea njia nzima.